Nani Kauza Msitu wa Baba?

Jumamosi hiyo Maylis Vauzelle alifanya jambo ambalo hata mwenyewe aliliona la aibu. Alimvizia mchumba wake. Alijibanza nyuma ya ghala la nyasi la jirani, baiskeli kaiegemeza ukutani, taa kaizima, akakodolea macho mlango wa nyumba ya Gwendal. Baridi ya Oktoba ilimng'ata vidole, lakini kilichomtetemesha si baridi. Ilikuwa hasira, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na woga, maana mwanamke akishafika pa kumvizia ampendaye, ameumia tayari kabla hajaona kitu.

Saa moja na nusu asubuhi mlango ukafunguka. Huyo Gwendal! Mrefu, koti la mvua la kijani, ile baiskeli yake ya changarawe yenye tairi pana kaibeba begani ili isigonge ngazi. Na mgongoni kafunga kikapu. Maylis alikikazia macho kile kikapu. Mtu anayekwenda mazoezini anabeba kikapu cha nini?

Gwendal akatazama kushoto, akatazama kulia, akapanda baiskeli akateremka kuelekea mtoni bila kuwasha taa.

"Ewe Mungu," Maylis akanong'ona, "basi baba alisema kweli." Akapanda yake, akamfuata.

Na baba alisema nini? Ngoja nikueleze, maana bila hilo utamwona binti huyu hana akili, na akili anazo.

Katika mabonde yale ya Corrèze kila ukoo una mahali pake pa sepe, ule uyoga mnene wenye kofia ya kahawia. Mahali hapo hatajiwi mtu. Mzee Anselme Vauzelle, baba yake Maylis, alipapata pake kwa babu yake: kipande cha msitu wa mialoni juu ya mto Vézère, si kikubwa kuliko uwanja wa kanisa. Akienda huko hutoka kwa njia hii na kurudi kwa njia ile, kikapu kakificha chini ya koti, na ukimkuta njiani atakwambia mwaka huu hakuna kitu, ukame umeua kila kitu, huku koti limevimba. Marehemu mkewe aliishi naye miaka thelathini na minane, akazikwa hajui ni wapi. Maylis alioneshwa alipofikisha miaka ishirini na mitano, tena baada ya kuapa.

Halafu mwezi wa Septemba Maylis akavunja kiapo. Walikuwa wametoka kuendesha baiskeli mchana kutwa, yeye na Gwendal, wamelowa matope mpaka kwenye nyusi, na Gwendal alikuwa ndiyo kwanza amemvisha pete. Akamshika mkono akamwambia, "Njoo nikuoneshe kitu." Akampeleka. Hakuwa na zawadi nyingine kubwa zaidi ya ile, na alimpa kwa furaha.

Wiki tatu hazijaisha. Jumatatu, baba na binti walipofika pale walikuta magari kumi na moja yamepangwa kando ya barabara ya malori ya mbao, yote yana namba ya mkoa thelathini na tatu, watu wa Gironde. Msituni majani yamepekuliwa kwa reki. Sepe changa zisizozidi kidole gumba zimeng'olewa na kutupwa. Mzee Anselme hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya majani, mzee wa miaka sabini na minne, akauliza swali moja tu: "Nani mwingine anajua?"

Uso wa Maylis ulikuwa haujui kuficha kitu tangu utotoni. Ukawa mwekundu wote.

"Umemwonesha," baba akasema. "Umemwonesha yule mtu wako wa baiskeli."

Kuanzia hapo kila siku ilileta la kwake. Jumatatu hiyohiyo jioni Maylis alimsimulia Gwendal huku akilia, na Gwendal, badala ya kumkumbatia, akachukua simu, akaitazama muda mrefu, rangi ikamtoka, akaaga supu ikiwa bado ya moto. Jumanne Mzee Anselme alimfuma ghalani kwake, ameiinamia baiskeli ya umeme, ile ambayo Maylis alimnunulia baba yake mwezi Agosti pamoja na kidude cha ramani usukanini ili asipotelee porini. Alipomwona mzee akaruka. Kaulizwa anafanya nini, kajibu, "Nilikuwa natazama breki." Breki nzima kabisa! Jumatano simu yake ikawaka mezani, Maylis akasoma bila kutaka: *Asante kwa mahali! Kesho tunakuja wanne.* Alhamisi sokoni, mbele ya meza ya jibini na watu wote wamejaa, Mzee Anselme alimnyooshea fimbo: "Mwizi! Umemposa binti ili upate msitu!" Gwendal akainamisha kichwa, akalipia jibini lake, akaondoka. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Hilo la kutojitetea ndilo lililomnyima Maylis usingizi.

Tangazo la ndoa yao lilikuwa limebandikwa tayari kwenye ubao wa ofisi ya meya, majina mawili kando kwa kando. Na Ijumaa baba alisema neno lake la mwisho: "Kesho kutwa, Jumapili mchana, mezani hapa atakaa yeye au nitakaa mimi. Na akikaa yeye, harusini usinitafute."

Basi ndiyo maana alikuwa anamfuata. Akimkuta na hatia, atakwenda mwenyewe kulibandua lile tangazo.

Njia iliteremka kwa kasi. Majani mabichi yaliteleza chini ya tairi, kokoto zikaruka na kugonga vyuma. Bonde lilikuwa limejaa ukungu na mto ulisikika bila kuonekana. Maylis alimfuata kwa masikio: akifunga breki mbele, naye anafunga, akibadilisha gia, naye anangoja kidogo. Walivuka daraja la mbao, kisha wakaifuata njia ya reli ya zamani iliyong'olewa vyuma, tambarare kando ya maji, ambako kila mwezi wa Juni walikuwa wakienda sambamba wakishikana mikono na kuyumba kama walevi. Akakumbuka, akajikasirikia kwa kukumbuka.

Baada ya kinu kibovu mlima ulianza. Hapo Gwendal alikuwa na nguvu kumshinda, lakini Maylis alizaliwa kwenye milima ile, alijua kona ya kukata. Akapanda akihema, mate makali mdomoni, mapaja yanamwaka moto. Wakafika njiapanda. Kushoto ni kwa baba. Kulia ni shamba la misonobari la kampuni ya mbao.

"Ukikata kushoto," alisema kimoyomoyo, "ukikata kushoto tu, Gwendal, tumemalizana."

Gwendal akakata kulia.

Kwa dakika moja nzima Maylis alitaka kucheka. Kisha wazo jingine likamjia, baya kuliko la kwanza. Kulia kuna nini? Kulia hakuna sepe, hakuna nyumba, hakuna hata mahali pa kukaa. Mtu anakwenda huko kwa sababu moja tu, kukutana na mtu ambaye hataki aonekane naye.

Aliilaza baiskeli kwenye mabigili akasogea kwa miguu. Akamwona. Gwendal alikuwa amekaa kwenye kisiki katikati ya misonobari, kikapu kitupu miguuni, anatazama saa. Hafanyi kitu. Anakaa tu. Dakika tano, dakika kumi. Mtu anayengoja hukaa hivyohivyo.

Gari likasikika. Maylis akajiinamisha chini. Wakatokea wanaume wawili na buti mpya zinazong'aa, kila mmoja na kikapu kikubwa cha kutosha kubebea mtoto mchanga.

"Habari za asubuhi," mmoja akasema. "Ni wewe wa kwenye mtandao? Ndipo hapa?"

"Ndipo hapa," Gwendal akajibu. "Pandeni juu kidogo, kabla ya mtaro. Juzi nilijaza kikapu."

"Unaona! Mtu muungwana huyu. Wenyeji wa huku hawakuoneshi hata kisima."

"Nendeni taratibu, kuna mabigili."

Wakamshukuru, wakapanda. Maylis alisimama. Hakupanga kusimama, miguu ilimsimamisha yenyewe.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema.

Gwendal aligeuka. "Maylis? Umenifuata?"

"Nimekufuata. Na nimeona kwa macho yangu, nimesikia kwa masikio yangu. Wanakupa nini hao?"

"Sema polepole, watakusikia."

"Wasikie! Wanakupa nini?"

"Hawanipi kitu."

"Bure? Unagawa bure? Mahali pa baba yangu, pa babu yake baba yangu, unagawa kama peremende?"

"Tazama ulipo kwanza."

"Sitazami popote. Nakutazama wewe. Hicho ndicho nilichokosea tangu mwanzo, sikukutazama vizuri."

"Maylis, nakuomba. Tazama ulipo. Hapa ni kwa baba yako?"

Alitazama. Misonobari imesongamana hadi jua halipiti, chini miiba mikavu na mabigili. Hapo hapajawahi kuota chochote cha kuliwa.

"Hapa hakuna uyoga," akasema.

"Hata mmoja. Nimekaa hapa Jumatano, Alhamisi nikakaa kule juu ya bwawa, jana kwenye lile bonde la nyoka. Nilichookota mpaka leo ni kupe wawili."

"Sasa wale wanatafuta nini?"

"Wanatafuta nilichowadanganya." Gwendal akajipaka matope usoni kwa mkono akidhani anajifuta. "Naweka safari zangu kwenye mtandao wa waendesha baiskeli. Nasimama dakika arobaini mahali pasipo na kitu, naandika 'kikapu kimejaa', wanakuja huku. Wakija huku, hawaendi kule. Jumatatu magari yalikuwa kumi na moja kwa baba yako, sivyo? Nenda leo utazame. Labda utakuta mawili."

Maneno yaliingia akilini mwa Maylis moja moja na yote yalikaa mahali pake, isipokuwa moja.

"Wa kwanza wao walipajuaje? Kabla hujaanza uongo wako. Ukweli aliuweka nani?"

Gwendal akatazama pembeni.

"Nakuuliza wewe. Nani?"

"Sisemi."

"Unamjua?"

"Namjua."

"Na husemi."

"Sisemi, Maylis. Niulize lingine."

Loo! Mwanamke amekaribia kusamehe, mkono umeshaanza kunyooka, halafu anaambiwa sisemi. Damu ilimpanda upya.

"Husemi kwa sababu ni wewe. Uliweka, ukaona madhara, sasa unafukia. Na ghalani kwa baba ulikuwa unafukia nini? Breki, eti! Baba yangu mzee, si mjinga."

"Ukitaka niwe mimi, basi ni mimi. Mzee Anselme ameshanitangaza sokoni, huna haja ya ushahidi mwingine."

"Usinijibu hivyo! Kesho mchana natakiwa nichague. Unaelewa? Nichague kati yako na mtu aliyenilea. Na wewe unaniambia sisemi?"

"Naelewa kuliko unavyodhani."

"Hapana. Huelewi chochote." Akaivuta pete. Vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi, pete ikagoma kwenye fundo, akaivuta kwa nguvu mpaka ngozi ikachubuka. Akaiweka juu ya kisiki. "Chukua. Nenda kamvishe mwenye msitu mkubwa zaidi."

Gwendal hakuigusa. Macho yakamjaa maji, na Maylis, ingawa alikuwa ameshikwa na hasira za kuweza kung'oa msonobari, alitamani kuyafuta. Hapo hapo simu iliyofungwa kwenye usukani wa Gwendal ikalia. Maylis akaiwahi.

"Iache hiyo!"

"Kwa nini niiache? Nani anakuandikia asubuhi yote hii?"

"Maylis, nirudishie. Nasema kwa faida yako."

"Faida yangu nitaijua mwenyewe."

Kwenye kioo kulikuwa na ramani ya bonde. Mto aliutambua, kinu, njiapanda. Kushoto kwa njiapanda, mistari myekundu ilikuwa imelaliana mingi mingi, yote inaishia nukta moja, pale kwenye mialoni. Akagusa mstari mmoja. Likafunguka jina, na juu ya jina picha.

Ilikuwa picha ya mzee aliyevaa kofia ya baiskeli iliyokaa upande, anacheka meno nje, keki ya siku ya kuzaliwa mkononi. Maylis aliijua vizuri. Aliipiga yeye mwenyewe, uani kwao, mwezi Agosti.

*Anselme V., miaka 74. Matembezi ya asubuhi. Kasimama dakika 43.*

Akagusa mstari mwingine. *Anselme V. Matembezi ya asubuhi. Kasimama dakika 51.* Mwingine. Mwingine. Thelathini na moja kwa jumla, na chini ya kila mmoja watu wamempigia makofi: hongera mzee, Mungu akupe afya mzee, hapo unaposimama kila siku kuna nini mzee? Na mmoja mjanja akawajibu wenzake: *Corrèze, msimu huu, katikati ya msitu. Kwani hamjui kuna nini?*

Maylis akaketi chini kwenye miiba.

"Kile kidude," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikifunga mimi. Nilitaka nijue akianguka yuko wapi. Kiliniuliza maswali mengi, mengi, mimi nikawa nabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo."

"Najua."

"Wazi kwa watu wote?"

"Kwa watu wote."

"Nikabonyeza ndiyo." Maylis akafunika uso kwa mikono, na hapo sauti ikamtoka, nusu kicheko nusu kilio. "Mama yangu alikufa hajui! Miaka thelathini na minane! Na yeye anaitangazia dunia nzima kila asubuhi, na picha juu!"

"Jumanne nilikwenda kukizima. Ndipo akanikuta. Lakini za nyuma zilibaki, kuzifuta kunataka nenosiri, na nenosiri unalo wewe."

Maylis akashusha mikono. "Sasa si ungeniambia! Ungeniambia Jumanne, ningezifuta Jumanne!"

"Walioona walikuwa wameshaona. Na ningekwambia wewe, angejua yeye. Uso wako huo? Ungekaa naye mezani dakika tano?"

Maylis akajipapasa mashavu yaliyokuwa yakimwaka.

"Mzee ana kitu kimoja cha kujivunia," Gwendal akasema taratibu. "Kwamba hajawahi kumwambia mtu. Anakaa pale baa, wenzake wote wameshaibiwa mahali pao, yeye bado. Sasa nimwambie ni yeye? Mimi mtu wa kuja, Mbretoni wa mkoa wa mbali, kila kitu kikipotea huku ni mimi. Likiongezeka hili moja haliniui."

"Linaniua mimi."

"Wewe…" Akasita. "Wewe nilikuwa nakungoja."

"Ulikuwa unaningojea nini?"

"Uniulize. Siku tano, Maylis. Ulinitazama ukageuza uso, ulisoma simu yangu ukaitafakari peke yako, leo umejibanza sijui nyuma ya ghala la nani. Baba yako aliniita mwizi, sikuumia sana, hanijui. Lakini wewe ulikuwa umesimama kando yake na kikapu cha jibini, ukaangalia viatu."

Neno hilo lilimchoma mpaka ndani, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Alikuwa ameangalia viatu.

"Nisamehe," akasema. "Nilikuogopa. Hapana, si wewe. Niliogopa kwamba nimekupa kitu kikubwa na wewe ukakiona kidogo."

"Nilikiona kikubwa. Ndiyo maana nakaa na kupe."

Maylis akacheka, machozi yakamdondokea puani. Akatoa simu yake, akaandika nenosiri, akazifuta safari za baba yake moja baada ya nyingine, zote thelathini na moja, wakiwa wamekaa bega kwa bega kwenye kisiki kile, pete kati yao. Kule juu waliwasikia wale wawili wakitukanana kwenye mabigili.

"Kesho mchana?" akauliza alipomaliza.

"Nitakula kwangu. Mwache apoe. Mwaka mmoja, miwili."

"Na tangazo la ndoa?"

Gwendal akaichukua pete, akaifuta kwenye koti, akamwekea kiganjani bila kumvisha. "Usimwambie, Maylis. Niahidi."

"Siahidi kitu tena," Maylis akasema. Akaivaa mwenyewe, juu ya mchubuko, ikauma. Akamshika Gwendal kidevu kilichojaa matope, akambusu kwa nguvu, kisha akaiokota baiskeli yake kwenye mabigili.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Kuangalia mtu usoni."

Aliteremka mlima ule bila kugusa breki ila kwenye kona. Mzee Anselme alikuwa jikoni, ananoa kisu chake cha uyoga ingawa hakuwa na pa kukipeleka.

"Umetoka kwake," akasema bila kuinua kichwa.

"Nimetoka kwake."

"Amekiri?"

"Angekiri ningemwacha. Lakini si yeye, baba. Ni mimi."

Kisu kikasimama. Maylis akakaa mbele yake akamweleza yote, kidude, ndiyo ndiyo ndiyo, mistari myekundu, dakika arobaini na tatu. Alijitahidi kubeba mzigo wote mwenyewe, akasema mimi nilikifunga, mimi nilibonyeza. Lakini mzee hakuwa mtoto. Alisikia kilichobaki.

"Kwa hiyo kila nilipokuwa nakwenda…"

"Ndiyo, baba."

"Na kurudi kwa njia nyingine?"

"Hiyo pia ilionekana."

Alikitazama kisu. Masikio yalimwiva. Kwa mara ya kwanza maishani Maylis aliona huo wekundu wake ulikotoka.

"Watu wangapi?"

"Mia mbili na kumi na wawili."

"Mia mbili!" Akapiga meza. "Hata mazishini kwangu hawatakuja mia mbili!" Kisha akashusha sauti. "Na yeye alijua lini?"

"Tangu Jumatatu usiku."

"Sokoni alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

"Nimemtukana, nimemnyooshea fimbo, watu wote wanasikia. Na anajua ni mimi?"

"Anajua. Akanyamaza. Aliniomba hata mimi nisikwambie. Alisema una kitu kimoja cha kujivunia, na kwamba yeye ni mtu wa kuja, moja zaidi halimuui."

Mzee Anselme akakikunja kisu. Maylis alijua kwamba baba yake hakuwahi kumwomba mtu msamaha, hata mama yake, na akajiandaa kusikia mlango ukibamizwa. Mzee akainuka. Akaenda dirishani, akachungulia uani, akalifunga vizuri.

"Mwambie aje kesho asubuhi, saa moja na nusu," akasema kwa sauti ya chini. "Aje na baiskeli na kikapu. Simu aiache nyumbani."

"Aje kufanya nini, baba? Msitu si umekwisha?"

"Ule umekwisha." Akachungulia tena nje, ingawa hakukuwa na mtu. "Kuna mwingine."

Maylis alibaki mdomo wazi. Miaka thelathini na mmoja ameishi katika nyumba hii. Ameapa kwa jina la mama yake. "Mwingine? Mwingine wapi?"

Baba alimtazama kuanzia buti zenye matope mpaka kwenye pete, macho yakawa laini, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ndevu zake zikasogea.

"Wewe?" akasema. "Wewe utabaki hapa umenye viazi. Watu watatu tutakula sana."